Tunangoja Viza ya Dada

Ndugu msomaji, kama hujawahi kungoja viza, usidhani ni kazi ya mtu mmoja. Jina kwenye fomu ni la mmoja, picha ni ya mmoja, alama za vidole ni za mmoja. Lakini wanaongoja ni nyumba nzima. Sisi hapa Kipalapala tunangoja viza ya dada, mwezi wa saba huu. Simu yake ikilia, hata jirani anayechota maji kwetu anasimamisha ndoo.

Dada ni muuguzi. Alimaliza stashahada mwaka 2022, akajitolea kwenye kituo cha afya bila mshahara, akaomba kazi za serikali kila zilipotangazwa, akakosa. Ndipo akasikia habari za Ujerumani. Wenzetu wale wana wazee wengi na wauguzi wachache. Machi 2020 walianza kutumia sheria ya kuwapokea wageni wenye ujuzi, na mwaka 2023 wakailegeza zaidi. Ukiwa na cheti cha uuguzi wanakipima kwanza, waone kinalingana na chao kiasi gani. Wakikuta pengo, unakwenda kulijaza kwa mafunzo au kwa mtihani. Na lugha ni lazima: A1, A2, B1, mpaka B2. Basi nyumbani tukauza magunia sita ya mpunga, dada akaenda Dar es Salaam kusoma Kijerumani. Fedha ilipokwisha akarudi, akaendelea kusoma kwa simu na bando la kuungaunga.

Mimi ni mdogo wake. Nina kidato cha nne, kazi yangu ni kutoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, na usiku naandika riwaya ambayo haijaisha. Naandika nikiwa kijiji kimoja na mitambo ya uchapaji ya misheni, ile iliyochapa vitabu vingi vya Kiswahili vyenye anwani ya T.M.P., Tabora. Utotoni nilidhani kila kijiji kina kiwanda cha vitabu, kama kilivyo na kisima.

Sasa nataka tuzungumze juu ya kungoja, maana kungoja ni jadi ya Tabora. Watu wanaujua mji wetu kwa maembe na asali. Wanasahau kwamba ulikua kwa sababu ya watu waliokuwa wakingoja. Enzi za misafara, Unyanyembe ndipo njia zilipokutana: moja ya Ujiji, moja ya kwenda Karagwe na Buganda, moja ya kushuka pwani hadi Bagamoyo. Ukifika hapa unangoja: wapagazi wapatikane, mvua zikatike, njia ifunguliwe. Burton na Speke walifika mwezi wa Novemba 1857, wakakaa zaidi ya mwezi mzima. Livingstone naye, Stanley alipomwacha Kwihara mwezi wa Machi 1872, aliwangoja wapagazi wa kutoka pwani mpaka Agosti. Miezi mitano mtu mzima anatazama njia! Nyumba yake imefanywa makumbusho, ipo mpaka leo nje kidogo ya mji. Nilipokwenda kuitazama, moyoni nilisema: huyu mzee naye alikuwa anangoja viza.

Na viza zilikuwepo. Msafara ukipita Ugogo unasimama, unatoa nguo, shanga na nyaya, ndipo mtemi anakuruhusu kupita na kunywa maji ya visima vyake. Malipo hayo yaliitwa hongo. Leo hongo ni rushwa, lakini siku hizo ilikuwa ushuru wa njia, unajadiliwa hadharani siku mbili tatu. Mtemi Mirambo wa Urambo alipogombana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, aliifunga njia ya Ujiji na misafara ikakwama. Leo Mirambo ni jina la mtaa Dar es Salaam. Mtaa huo huo ndio unaokwenda kwenye jengo la Umoja House, ulipo ubalozi wa Ujerumani. Dada alipoteremka kwenye daladala siku ya kupeleka makaratasi, akaona kibao cha mtaa, alinipigia simu akicheka: "Mdogo wangu, nimemkuta Mirambo bado kakaa njiani!"

Lakini wapagazi wenyewe walikuwa akina nani? Vitabu vinawaonyesha kama migongo tu. Sivyo. Wanyamwezi walioshuka pwani walikuwa watu wa ujuzi. Mtu alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo kama thelathini na mbili, akavuka pori la Mgunda Mkali, akajua kupatana ujira na kugoma akidhulumiwa. Wasafiri wa wakati ule waliandika kwamba kijana hakuhesabiwa mwanamume kamili kabla hajaiona pwani. Hao ndio wahamiaji wetu wa kwanza wenye ujuzi. Tena walijifunza desturi za watu njia nzima, na katika kupita kwao ukakomaa utani. Mnyamwezi na Mzaramo, Mnyamwezi na Mgogo, ni watani mpaka leo. Wanatukanana msibani, wananyang'anyana vitu, wala hakuna anayekasirika. Mgeni asiye na ndugu njiani anapata ndugu wa kumchokoza. Naona hiyo ni akili kubwa kupita bunduki zote zilizopita hapa.

Turudi kwa dada. Kujifunza Kijerumani kumbe si maneno tu. Kila sura ya kitabu ina desturi ndani yake. Ukialikwa saa tisa, ni saa tisa. Usimtakie mtu heri ya siku ya kuzaliwa kabla ya siku yenyewe, ni mkosi. Takataka zina mapipa yake, karatasi huku, mabaki ya chakula kule. Jumapili usipige kelele za kutoboa ukuta. Hutaki kitu, sema hutaki.

Hilo la mwisho ndilo lililotuletea kesi. Siku moja mama mdogo alikuja mchana bila taarifa, kama tunavyokwenda sote. Dada alikuwa katikati ya somo. Akatoka mlangoni, akasema kwa upole kabisa: "Mama, sasa sina nafasi. Njoo saa kumi." Mama mdogo aligeuka pale pale na kapu lake la matobolwa. Jioni kijiji kizima kinajua kwamba dada ameshakuwa Mzungu kabla hata ya kupanda basi.

Bibi ndiye aliyemwita. Bibi yetu ana miaka zaidi ya themanini, amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Akamwambia: "Mjukuu wangu, huko utasema hapana, maana ndiyo adabu yao. Hapa adabu yetu ni nakuja. Unasema nakuja, halafu huji, na kila mtu ameelewa." Tulicheka mpaka machozi. Lakini dada alikwenda kwa mama mdogo usiku ule ule, akapiga magoti, akamwamkia upya.

Si kwamba kila kitu kilikuwa kigeni. Alipofika kwenye mambo ya "Sie" na "du", yaani wewe ya heshima na wewe ya mazoea, wenzake wa darasani walihangaika. Yeye hakuhangaika hata kidogo. Aliyekua anachuchumaa kumwamkia mkubwa wake hahitaji kufundishwa kwamba watu hawaitwi sawa. Bibi alipoelezwa akatikisa kichwa: "Kumbe Wadachi nao wana shikamoo yao." Bibi huwaita Wadachi, kama baba yake alivyowaita, yeye aliyeiona reli yao ikifika Tabora mwaka 1912.

Sura iliyotikisa nyumba yetu ni ile ya kumhudumia mgonjwa.

Wewe msomaji unajua hospitali zetu. Muuguzi anachoma sindano, anagawa dawa, anasafisha kidonda, anaandika faili. Kumwosha mgonjwa, kumlisha uji, kumgeuza kitandani, ni kazi ya ndugu. Ndiyo maana kila mgonjwa ana mtu wake, analala chini ya kitanda na beseni lake. Kule muuguzi mwenyewe ndiye anayeosha, anayelisha, anayechana nywele na kupiga mswaki meno ya mzee. Ndugu wanakuja kusalimia, wanaondoka. Dada aliposoma hayo alifunga kitabu. Akaniuliza: "Sasa mimi niliyesomea uuguzi miaka mitatu, nakwenda huko kuwa ndugu wa watu?"

Sikuwa na jibu. Bibi alikuwa nalo. Alisema: "Basi jifunze kwangu. Mimi si mzee?"

Ndivyo bibi alivyojitolea kuwa Mdachi. Kila Jumamosi asubuhi alilala kitandani, dada akaweka maji ya vuguvugu, akayapima kwa kiwiko. Kanuni ni hizi: unamfunika mgonjwa mwili wote, unafunua sehemu unayoosha tu, ukimaliza unafunika tena. Unaanza na uso. Na kabla hujagusa unasema unachotaka kufanya. Dada anasema kwa Kijerumani: sasa nakuosha mkono wa kulia. Bibi anajibu kwa Kinyamwezi. Mimi nimekaa nje ya dirisha nasikia lugha mbili zinaoshana.

Mwaka jana, baada ya masika, miguu ya bibi ilikataa kabisa. Mchezo ukaisha, ikawa kweli. Mama yetu anauza mchele Isaka, anarudi kila baada ya wiki mbili. Jioni moja bibi akauliza swali ambalo sote tulikuwa tunalizunguka: "Huyu akienda kuwaosha mabibi wa Wadachi, mimi nitaoshwa na nani?"

Watu wote wakanitazama mimi.

Jamani, mimi ni mwanamume. Kwetu mjukuu wa kiume hamwoshi bibi. Nikatazama chini. Bibi akakohoa, akasema kwa sauti ya kuchokoza: "Wewe si mume wangu? Tangu ulipozaliwa nakuita mume wangu. Ni mume gani anayeogopa mgongo wa mkewe?"

Hapo ndipo nilipouelewa utani. Bibi na mjukuu ni watani, kila mtu anajua, lakini nilidhani ni wa kuchekea tu. Kumbe ni daraja lililojengwa zamani kwa ajili ya siku kama ile, heshima isije ikamzuia mtu kusaidiwa. Tukagawana. Mgongo, mikono, miguu, kulisha na kugeuza ni kazi yangu. Mengine yaliyobaki shangazi anakuja asubuhi. Dada akanifundisha kama alivyofundishwa: funika, funua kidogo, sema kwanza, ndipo uguse. Sasa namwosha bibi kwa desturi ya Kijerumani na ruhusa ya Kinyamwezi. Kila nikianza nasema, "Bibi, sasa mkono wa kulia," naye anajibu, "Harakisha mume wangu, maji yanapoa."

Sitaki nikudanganye kwamba ni rahisi. Kuna usiku namgeuza bibi mara tatu na riwaya haisogei hata mstari. Kuna siku namwonea dada wivu. Kuna siku namwona anatazama bibi akila, najua anapiga hesabu: viza itatoka kwanza, au lile jingine? Mara moja aliniambia wazi kwamba anaogopa zote mbili. Afadhali angesema hivyo kwa Kijerumani.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tunaposema habari za kwenda ng'ambo tunamtazama anayekwenda. Atazoea baridi? Atazoea chakula? Atajua kuchelewa ni kosa? Ni maswali mazuri. Lakini mtu mmoja akiondoka nyumbani, desturi zinabadilika huku kwanza. Aliyebaki anashika beseni ambalo hakuwahi kulishika. Naye hana kitabu cha A1 wala mwalimu, na hapewi cheti.

Ndivyo ilivyokuwa hata enzi za misafara. Stanley aliandika, Burton aliandika, Livingstone aliandika habari za kungoja kwake. Lakini mwanamke wa Unyanyembe ambaye mumewe alishuka pwani kiangazi na mvua zikaanza hajarudi, akashika jembe yeye, akamzika baba mkwe yeye, nani aliandika habari zake? Hakuna shajara yake makumbusho. Mjukuu aliyebaki na bibi hana hata jiwe.

Basi, mwandishi mwenzangu unayetafuta kisa kikubwa cha kuanzia kitabu chako, usikimbilie uwanja wa ndege. Tazama nyumba aliyotoka msafiri, uone nani sasa anaamka alfajiri kuwasha moto. Mimi riwaya yangu ilikuwa ya jambazi wa Dar es Salaam, mji niliolala siku nne tu. Nimeiweka pembeni. Naandika ya kijana anayejifunza kuosha mgongo wa mzee, na sasa hivi nimefika ukurasa wa arobaini.

Viza bado. Bibi ameshatoa uamuzi wake, kwamba kwa kuwa Wadachi walipita Tabora bila kuaga, na sasa wanachukua mjukuu wake, basi kuanzia leo ni watani zetu. Amemwagiza dada akifika awaambie hivyo hivyo, na wakikasirika, wajue hawajafundishwa adabu.