"Ready" na "Willing"

Neno moja la Kiingereza lilimpandisha baba yangu basi kwa safari ya bure.

Mwaka jana nilikuwa na deni la karo. Baba hakusoma Kiingereza, basi alinituma nimwandikie Mwalimu Mkuu barua. Alisema, "Mwambie niko radhi kulipa, mahindi yakisha kuuzwa nitaleta." Nami, kwa kujiona bingwa wa lugha, niliandika kwamba baba ni "ready" kulipa. Habari ya mahindi niliiacha, maana niliionea haya.

Baada ya siku chache baba aliitwa. Akaja, kofia mkononi, na mfukoni hana kitu ila nauli ya kurudia. Karani alikwisha kufungua kitabu cha stakabadhi. Baba alipoeleza habari ya mahindi, karani akamwonyesha barua. Baba hakuweza kuisoma. Akanitazama mimi. Mtazamo ule sijausahau.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alinieleza kosa langu. "Ready" husemwa juu ya kitu kilichokwisha kutengenezwa. Hata wali jikoni waweza kuwa "ready". Lakini "willing" ni neno la moyo: ni mtu aliyekubali kwa hiari yake, hata kama mkono wake bado ni mtupu. Wali hauwezi kuwa "willing", kwa kuwa hauna hiari. Ni kweli kwamba Waingereza nao pengine husema "ready" kwa maana ya kukubali; lakini penye deni, msomaji atafahamu kwamba fedha ziko.

Nikajitetea kwamba Kiswahili kina "tayari" tu kwa maneno yote mawili. Mwalimu akaniuliza, "Baba yako alitumia neno gani?" Nikanyamaza. Baba alisema radhi, wala hakusema tayari. Lugha yetu ilikwisha kuyatenga mambo hayo mawili. Mimi ndimi niliyeyachanganya.

Enyi wenzangu mnaowaandikia wazazi barua, andikeni walilolisema, wala msilipunguze.

Mahindi yaliuzwa, na karo ikalipwa. Nilipofika nyumbani likizo nilimwambia, "Baba, niwie radhi." Akacheka, akasema, "Kumbe neno lenyewe walijua!"