Nyamazeni, Baba Amelala

Katika miji yetu ya kazi kuna neno moja ambalo watoto hulisikia kabla hawajajua kusoma: «Nyamazeni, baba amelala!» Jua li juu ya vichwa, akina mama wanatwanga sombe, redio ya jirani inaimba, naye baba wa nyumba amejifunika shuka kama mgonjwa. Mpita njia husema: «Tazama mvivu huyu!» Sisi nasi tulisema hivyo zamani, kabla ya kuonja kazi ya zamu. Leo twataka kuungama kosa hilo, na kosa jingine lililo kubwa zaidi.

Mwaka 1981 tuliandikwa kazi katika kiwanda kimoja cha kuyeyusha shaba, huko Katanga, jimbo ambalo wakati ule liliitwa Shaba. Tanuru ya shaba haizimwi jioni kama jiko la nyumbani. Ikipoa, madini huganda ndani yake, na matofali yake huweza kupasuka. Kwa hiyo moto huwaka mchana na usiku, na watu hupokezana. Kundi la kwanza liliingia saa kumi na mbili asubuhi, la pili saa nane mchana, la tatu saa nne usiku hata kupambazuke. Kila juma tulibadilishwa, nasi tulikwenda kinyumenyume: juma la usiku, kisha juma la alasiri, kisha juma la asubuhi, kisha usiku tena.

Mwanzoni tulidhani ni jambo jepesi. Mtu mwenye nguvu, tulisema, atalala wakati wowote atakapopewa kitanda. Lakini tuliporudi alfajiri, mwili ukiwa umechoka kabisa, usingizi ulikuja kama mgeni mwenye haraka. Baada ya saa tatu au nne macho yalifunguka yenyewe, na mabati ya nyumba yalikuwa yamekwisha kupata moto. Jioni tulirudi kazini tukiwa kama mtu aliyelewa bila kunywa. Na mwili ulipoanza kidogo kuuzoea usiku, juma lilikuwa limekwisha, zamu nyingine imeanza.

Usingizi ukipungua, hasira huongezeka. Katika mwaka wa tatu wa kazi yetu, mtoto wetu wa pili, mwenye umri wa miaka minne, aliangusha sufuria adhuhuri. Tuliruka kitandani tukampiga kabla ya kuuliza lolote. Mama yake hakusema neno. Alimbeba, akaenda kuketi naye chini ya mwembe hata jioni. Tangu siku ile watoto walitembea nyumbani mwao kwa ncha za vidole. Tulijisifu kwamba sasa wana adabu. Kumbe walikuwa na hofu.

Mwaka uliofuata, 1984, likatufika jambo jingine. Ulikuwa usiku wa tano wa juma la usiku, yapata saa kumi, kabla ya majogoo. Kazi yetu ilikuwa kumwonyesha ishara mwenzetu aliyeendesha mtambo wa kubeba chombo cha madini yaliyoyeyuka. Tulikuwa tumesimama wima, macho wazi, lakini hatukuona wala kusikia. Kengele ililia, nasi tulikuwa mbali. Mwenzetu mmoja alitushika ukosi wa shati, akatuvuta nyuma. Chombo kikapita pale tulipokuwa tumesimama, na matone ya moto yakamwangukia mkononi. Kovu lake liliendelea kuonekana hata alipostaafu. Kapita aliandika neno moja katika kitabu chake: «Uzembe.» Hatukubisha. Mkono wa mwenzetu uliungua kwa ajili yetu. Hata hivyo hatukuwa tumekunywa, wala hatukuidharau kazi. Basi ni nini kilichotupata?

Mtawa mmoja, mwuguzi katika dispensari ya misioni, ndiye aliyetufumbua macho. Alituambia: «Ndugu, Mungu ameweka saa ndani ya mwili, na saa hiyo haisomi karatasi ya zamu.» Maneno yake yamethibitishwa na elimu. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, mna sehemu ndogo sana ipokeayo habari za mwanga. Usiku, gizani, ubongo hutoa dawa yake yenyewe, iitwayo melatonini, nao mwili hupoa kidogo. Upungufu wa joto hilo hufikia kikomo karibu na saa kumi au kumi na moja ya usiku, nao ndio wakati ambapo mtu wa zamu huwa dhaifu kuliko wakati wote. Asubuhi mwanga huiambia saa hiyo kwamba kumekucha, mwili huanza kupata joto, na mwenye kwenda kulala hushindana na mwili wake mwenyewe. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo ifanyavyo kazi ndani ya chembe za mwili.

Tena, kwa watu wengi saa hiyo huzidi kidogo saa ishirini na nne. Ndiyo sababu ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kujilazimisha kulala mapema. Mwaka 1982 wataalamu walitangaza habari za kiwanda kimoja cha madini katika jimbo la Utah, Marekani, ambako zamu zilirudi nyuma kila juma kama zetu. Walizigeuza ziende mbele, yaani asubuhi, alasiri, usiku, na kila zamu ikadumu majuma matatu. Wafanyakazi waliridhika zaidi, na kazi yenyewe ikaongezeka.

Tulipompelekea mama wa watoto maneno ya mtawa, yeye hakungoja wataalamu. Alipigilia blanketi nzito dirishani, chumba kikawa na giza. Alifunga kitambaa chekundu mlangoni katika majuma ya usiku, na majirani wote wakajua maana yake. Watoto walicheza uwanja wa pili hata saa nane. Sisi nasi tulipewa amri zetu: tulale kidogo jioni kabla ya kwenda kazini, tusinywe kahawa katika nusu ya pili ya usiku, kwa maana hukaa mwilini saa nyingi, tusitafute usingizi katika chupa ya pombe, kwa maana pombe huuita usingizi, kisha huuvunja. Amri ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote: kumwomba mtoto msamaha. Tulimwomba. Alitutazama kwanza kama mtu anayetazama kama mvua imekwisha, kisha akatupa mkono.

Kazini, wajumbe wa wafanyakazi walipeleka neno kwa wakubwa, na baada ya maombi mengi zamu ziligeuzwa zifuate mwendo wa saa. Hatukupona kabisa, maana usiku ni usiku. Lakini tulirudi nyumbani tukiwa watu.

Labda msomaji atauliza: mambo haya yana sehemu gani katika dini? Yana sehemu kubwa. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kazi ya kila siku isipite nguvu za mtu, naye aliwataja hasa watu wa migodi, kwamba saa zao ziwe chache kuliko za wengine. Tena tumtazame Mtakatifu Yozefu, msimamizi wa wafanyakazi. Injili haisimulii neno lolote lililotoka kinywani mwake, lakini yasimulia kwamba alilala, na ya kuwa malaika alimjia katika usingizi. Papa Fransisko aliziambia jamaa za Manila mwezi wa Januari 2015 kwamba yeye mwenyewe alikuwa na sanamu ya Yozefu aliyelala mezani pake, na chini yake aliweka vikaratasi vya shida zake. Basi usingizi wa mtu wa kazi si uvivu. Mungu mwenyewe hakuudharau.

Ninyi wanafunzi, msiuone ukimya wa mchana kuwa adhabu. Ni msaada mnaompa baba. Ninyi akina mama, hesabuni usingizi wake pamoja na chakula chake. Ninyi wakubwa wa kazi, kabla ya kuandika «uzembe», ulizeni mtu huyo amelala saa ngapi. Nanyi akina baba, msiwalipishe watoto deni la kiwanda.

Mtoto yule wa sufuria ni mtu mzima sasa, na yeye pia ni mtu wa zamu. Mara nyingine twamtembelea mchana, twakuta kitambaa chekundu kimefungwa mlangoni. Hatubishi hodi. Wajukuu wetu hutuletea kiti chini ya mti, nasi twaketi nao, twaongea kwa sauti ndogo, hata baba yao aamke.