Waithaka Kutoka Angani

Sisi watu wa pwani tukienda bara hufungasha masweta na malalamiko ya baridi, na Waithaka haijawahi kutuangusha katika hilo. Ni kata ya Dagoretti Kusini, magharibi ya Nairobi: udongo mwekundu, mabati yaliyopakana na ghorofa mpya, na vishamba vya nduma na majani ya ng'ombe ambavyo mji bado haujavimeza. Huko ndiko anakoishi dada yangu, na huko ndiko tulikolala, mimi na binti yangu, usiku wa kuamkia safari yetu ya angani.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri, tukapitia Dagoretti Corner na Barabara ya Ngong hadi Uwanja wa Ndege wa Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata. Familia nyingi za kwetu hupitia uwanja huo ziendapo Lamu, wala hazijui kwamba jina lake ni la mwanamke. Florence Kerr Wilson alifiwa na mumewe mwaka 1928. Mwaka uliofuata, badala ya kurudi kwao Uingereza, alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways. Uwanja wenyewe ulipewa jina lake mwaka 1962.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na hana mazungumzo mengine ila urubani. Baba yake hakumkatalia. Alitaka kwanza tujue ndani ya ndege kukoje. Nami nilikuwa na swali langu: chumba cha ndege ya mafunzo ni kidogo, mwalimu na mwanafunzi hukaa bega kwa bega, na mafunzo si ya siku moja. Kwa hiyo tuliomba mwalimu wa kike. Tukampata, tena mzaliwa wa Waithaka.

Ndege ilikuwa Cessna 172, yenye injini moja na viti vinne. Mabawa yake yako juu ya madirisha, hivyo hayamzuii abiria kuona chini. Mwalimu alitueleza kwa nini hupenda kuruka mapema: Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na jua likipanda huwa nyepesi zaidi, injini na mabawa yakapungukiwa nguvu. Kisha akamtazama binti yangu akacheka: "Dada, toa hizo pini." Vifaa vya kusikilizia hubana masikio, na pini za mtandio huchoma. Mabinti, vaeni mtandio wa pamba usio na mapambo.

Tulisoma dua ya safari, tukapaa juu ya mbuga ya Nairobi, kisha tukakata kulia kuelekea milima ya Ngong. Upande wa kulia ulionekana msitu wa Ngong Road, na ng'ambo yake Waithaka. Kutoka juu hakuna kelele za matatu. Kuna vipande vyembamba vya ardhi vilivyogawanywa baba kwa mwana hadi vikawa kama kanga zilizoanikwa ubavu kwa ubavu. Mwalimu alionyesha kwa kidole, "Pale, mama, ndipo kwetu." Sikuiona nyumba, ila niliisikia sauti yake ikibadilika.

Mbele ya Ngong, yenye mitambo ya upepo mgongoni, ardhi ilikatika ghafla na Bonde la Ufa likafunguka. Moyo wangu ulishuka nalo. Binti yangu alikuwa ameshika usukani, mikono ya mwalimu ikiwa tayari kando yake, na alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona jikoni kwangu.

Tuliporejea chini nilimwuliza mwalimu kuhusu mafunzo. Leseni ya rubani wa binafsi, alisema, yataka umri wa miaka 17 na saa zisizopungua 40 za kuruka, na kila saa ina gharama yake. Nikamwambia, "Mwanangu, pesa tutazihangaikia. Hizo saa 40, utamfundisha wewe?" Akafungua ratiba yake, akahesabu siku, akasema anaweza kuchukua 25, nyingine angemwomba mwenzake wa kike. Namba ya huyo mwenzake tumekwisha kuipata, na Jumamosi baba yake atampigia.