Barua ya Mwaka 1979

Baba yangu alikuwa mkulima wa mikorosho katika vilima vya Kisarawe. Mali zake tulizozitamani sisi watoto zilikuwa mbili: baiskeli, ambayo hatukuruhusiwa kuigusa, na redio ya betri, ambayo tuliruhusiwa kuisikiliza kwa sharti la kunyamaza. Dar es Salaam haikuwa mbali, lakini baba hakwenda huko ila kwa haja kubwa, na mpira hakuuhesabu kuwa haja. Klabu yake aliijua kwa masikio. Aliipenda tangu ilipokuwa ikiitwa Sunderland, na hata ilipojiita Simba mwaka 1971 yeye alishikilia jina la kale kwa muda mrefu, kama wazee wamwitavyo mtu mzima kwa jina la utoto wake.

Msomaji aliyezoea kuuona mchezo kwa macho hawezi kukadiria kazi iliyofanywa na fikira za msikilizaji. Mtangazaji alitupa majina na upande wa uwanja. Yaliyobaki tuliyaumba wenyewe. Kila mmoja wetu alikuwa na Abdallah Kibadeni wake. Wangu alikuwa mrefu mno, tena alifanana kidogo na mjomba wangu mmoja aliyekuwa hodari wa kupanda minazi. Nilipokuja kuiona picha yake gazetini nilisikitika, nikarudi kumtumia yule wangu.

Baba alikuwa na hesabu zake. Mabao matano ya tarehe 1 Juni 1968, Yanga walipoishinda Sunderland bila kufungwa hata moja, aliyakumbuka kama mtu akumbukavyo deni. Tarehe 19 Julai 1977 deni hilo lililipwa na riba juu yake: Simba sita, Yanga hawakupata kitu, na Kibadeni peke yake alifunga matatu. Jioni ile baba alikwenda kwa jirani yake, mshabiki wa Yanga, akamjulia hali, akauliza habari za mbuzi wake, akarudi nyumbani bila kutaja mpira. Nafikiri jirani angalipendelea kutukanwa.

Lakini aliposimulia ukubwa wa klabu yake hakuanza na sita hizo. Alianza na mwaka 1974, Simba ilipofika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Kwa nini mtu achague kuanza na msiba ili aeleze fahari yake, sikufahamu wakati ule.

Mwaka 1979 nilikuwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya Kibaha, ile iliyojengwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Bweni letu lilikuwa na watu wa kila mkoa, na waliokuwa wa Yanga walituzidi kwa idadi na kwa sauti. Simba ilikuwa imepangwa na Mufulira Wanderers ya Zambia katika kombe lile lile la mabingwa. Mchezo wa kwanza ulichezwa Dar es Salaam, na Simba ilifungwa nyumbani kwake mabao manne bila kujibu hata moja.

Usiku ule nilidhihakiwa mpaka nikafanya jambo ambalo sikulazimishwa na mtu kulifanya. Nilisimama juu ya kitanda changu nikatangaza kwamba tangu saa ile mimi si mtu wa Simba tena, ni mtu wa Yanga. Nilipigiwa makofi mengi. Kesho yake, nikiwa bado nimelewa makofi yale, nilimwandikia baba barua. Nilimpa salamu, nikaomba fedha za daftari, kisha nikamweleza kwa Kiswahili cha darasani kwamba mwenye akili hafungamani na chombo kinachozama, na kwamba ningefurahi kama naye angeyafikiri mambo haya upya. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne.

Baba alikuwa akienda kuchukua barua zake mara moja kwa majuma mawili, apatapo nafasi. Katika siku hizo ambazo barua yangu ilikuwa ikimngojea, Simba ilisafiri mpaka Lusaka kwa mchezo wa marudiano ambao hapana aliyeutumainia. Habari zikaja kwa redio. Simba ilikuwa imeshinda mabao matano kwa bila, matatu yakiwa ya Thuwein Ally, na kwa jumla ya matano kwa manne Mufulira Wanderers walikuwa wametolewa. Bwenini watu walinitazama. Sikuwa na haki ya kushangilia, na wapya wangu wa Yanga hawakuwa na haja ya kunifariji. Katika furaha ile kubwa mimi nilikuwa yatima.

Fedha za daftari zilifika. Katika karatasi iliyozifunga baba aliandika kwamba mama hajambo, mvua imechelewa, na nisome kwa bidii. Juu ya mpira hakuandika neno. Raundi iliyofuata Simba ilitolewa na Racca Rovers ya Nigeria, na niliporudi likizo nilikaa mahali pangu pa zamani karibu na redio. Hakuniambia karibu, wala hakuniambia ondoka.

Miaka ikapita kwa namna hiyo. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu na Stella huko Abidjan, na nchi nzima ikaamini kwamba kombe limekwisha kuja. Baba alivunja desturi yake akaenda Uwanja wa Taifa. Stella walishinda mawili kwa bila. Nilimuuliza mchezo ulikuwaje. Akajibu kwamba uwanja una kelele nyingi, mtu hasikii vizuri.

Mwaka 2003 alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa nimehamia Kibaha na jamaa yangu, basi nikamleta akae kwangu ili awe karibu na hospitali ya Tumbi. Siku Simba ilipocheza Misri na Zamalek, waliokuwa wakishikilia ubingwa wa Afrika, niliiweka redio juu ya kiti kando ya kitanda chake. Tulikuwa tumeshinda bao moja kwa bila Dar es Salaam. Zamalek waliporudisha bao hilo baba aligeukia ukutani. Kabla ya dakika tisini kwisha alikuwa amelala usingizi mzito wa dawa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kifungo, kwa kuwa Misri na penalti tulikuwa tumekwisha kuzionja mwaka 1974. Sikukizungusha. Nilipunguza sauti nikaliweka sikio karibu. Juma Kaseja aliokoa, Christopher Alex akafunga ule wa mwisho, na bingwa wa Afrika akatolewa kwa penalti tatu kwa mbili. Nililia peke yangu katika chumba kile, polepole, nisimwamshe.

Alipozinduka nilimpa habari. Alinyamaza kwa kitambo.

"Ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Ndiyo, baba."

"Hukuzima walipopata bao?"

"Sikuzima."

Akaomba maji, akanywa. "Basi ukienda Kisarawe," alisema, "fungua lile sanduku la bati. Chini ya stakabadhi za korosho mna barua yako. Ichukue."

Nilikwenda baada ya mazishi. Ilikuwa pale pale alipopataja, imekunjwa mara nne, na pembeni mwake, karibu na maneno yangu juu ya chombo kinachozama, baba alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: 5–0.