Usukani wa Chumbani

Wapo wanaodhani utawala wa mwanamke chumbani ni jambo geni lililoletwa na meli. Kitendaguro, mjini Bukoba, dhana hiyo haina mashiko. Katerero, ufundi wa kale wa Wahaya na majirani zao wa Maziwa Makuu, hutanguliza raha ya mwanamke, na mwanamume hupima kazi yake kwa itikio lake. Ufundi huo ulihitaji walimu: Buganda ni ssenga, yaani shangazi, pwani ni somo na kungwi. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa unyago kama alivyosifika kwa taarabu.

Hata hivyo, mafunzo hayo mara nyingi yalimwelekeza bibi harusi kumpendeza mume, na neno “sitaki” halikupewa nafasi kubwa. Watu wazima wanaoingia leo katika mchezo wa bibi kuamuru na bwana kutii na waanze na neno hilo. Wakubaliane mapema, bila ulevi, kipi kifanyike na kipi kisiguswe. Wateue neno la kusimamisha yote. Kamba isikazwe hadi mkono ukafa ganzi. Shingo isibanwe kamwe. Aliyefungwa asiachwe peke yake, na mkasi uwe karibu. Mchezo ukiisha, wapeane maji na maneno ya upole.

Kwani usukani huo ni amana. Aliyeutoa anaweza kuutaka wakati wowote, naye aliyeushika aurudishe bila kinyongo. Anayekataa kuurudisha hatawali, anadhulumu.