Baba, Wanawe na Dadu ya Pande Ishirini

Sikuitafuta The Adventure Zone. Jumapili moja nilikuwa nafua, simu iko juu ya ndoo iliyopinduliwa. Podikasti ya vitabu niliyokuwa nasikiliza ikaisha, hii ikaanza yenyewe. Wanaume wanne wa Kimarekani wanabishana na kucheka. Nikasema, hiki nacho ni nini? Mikono ilikuwa na povu, basi nikaiacha.

Kumbe walikuwa wanacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Mmoja anasimulia ulimwengu na hatari zake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Likija jambo la mashaka, tuseme kuruka shimo, inarushwa dadu ya pande 20. Ikianguka namba ndogo, shauri yako.

Mezani ni ndugu watatu, Justin, Travis na Griffin McElroy, pamoja na baba yao, Clint. Mwaka ni 2014. Griffin, kitinda mimba, ndiye msimulizi. Justin ni mchawi aitwaye Taako, jina lililozaliwa na utani wa chakula. Travis ni mpiganaji. Baba ni kasisi ambaye kazi yake ni kuponya majeruhi, na utani mkubwa wa podikasti hii ni jinsi asivyoponya mtu.

Walianza na hadithi iliyoandaliwa tayari kwa ajili ya wageni wa mchezo. Mwanzoni ni vichekesho vitupu. Lakini polepole Griffin anaiacha ile hadithi ya kununua na kutunga yake, na wale wahusika wa mzaha wanaanza kuwa na majuto, na watu wanaoogopa kuwapoteza. Mkasa huo wa kwanza ulimalizika 2017, baada ya vipindi karibu 70. Mwisho wake ulinikuta kwenye daladala, nikageukia dirishani nisionekane.

Ila kilichoninasa mapema zaidi ni Clint. Hajui sheria, na hafichi. Mzee mzima, mtu wa redio, anamuuliza mwanawe mdogo afanyeje. Anakosea, wanamcheka, naye anacheka, hadithi inaendelea.

Baba yangu hucheza bao. Nikiwa mdogo nilikaa pembeni ya mbao ile yenye mashimo 32, nikitikisa kichwa kana kwamba naelewa. Sikujua kunamua ni nini wala mtaji unaanza lini. Sikuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu asiyejua alinyamaza. Hata yeye, sikumbuki kumsikia akisema "sijui." Tumekaa hivyo miaka yote, wawili wajuaji, maongezi yetu salamu na hali ya hewa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Nikamwambia, "Baba, mimi bao sijui. Sijawahi kujua."

Akaniangalia sana. "Na ulivyokuwa ukitikisa kichwa?"

"Nilikuwa nadanganya."

Akacheka hadi akakohoa, kisha akaanza kuhesabu kete, 22 zangu za mkononi, 22 zake. Tulicheza hadi magharibi. Nilifungwa mara zote. Katikati ya mchezo wa tatu akaanza kunisimulia, bila kuulizwa, aliyemfundisha yeye.

Kama hujawahi kugusa mchezo huu, anza kipindi cha kwanza. Hao nao walikuwa hawajui.