Mwendo wa Ioni

Heliamu haiungani na yeyote. Vitabu huiweka pamoja na neoni na agoni katika ukoo wa gesi adimu, na katika miaka yangu ya kufundisha fizikia nilizoea kuwaambia vijana kwamba atomu yake ni kama mpangaji asiyebisha hodi kwa jirani. Hiyo ni nusu ya habari.

Nusu ya pili ni ioni. Ing'oe atomu elektroni moja, ibaki na chaji. Iweke kati ya mabamba mawili ya umeme, nayo itaanza safari kuelekea bamba hasi. Gesi ikiwa nyepesi, ioni hugongana na atomu moja moja, na hesabu yake ni rahisi: msongamano ukiwa maradufu, mwendo unapungua kwa nusu. Lakini gesi ile ikipozwa hadi karibu nyuzi 268 chini ya sifuri na kushindiliwa, hesabu inakataa. Chaji huwavuta majirani bila kufunga nao ndoa wala kuwanyang'anya chochote, nao husogea. Ioni inatembea na kundi. Katika heliamu iliyo kimiminika kundi hilo hukazana hata likawa donge gumu la atomu makumi kadhaa, ambalo wanasayansi hulifananisha na theluji iliyofinyangwa mkononi. Hapo unapima mwendo wa msafara.

Nasi heliamu inatuhusu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza hazina kubwa katika bonde la Rukwa. Gesi ile nayo ilianza ikiwa ioni: urani na thori katika miamba ya kale hutema chembe za alfa, zikasafiri umbali mfupi kuliko unene wa unywele, zikaokota elektroni mbili na kutulia.

Kaka yangu alipofariki, ukoo uliniteua msimamizi wa mirathi. Zamani nilikuwa nikitoka soko la samaki hapa Kunduchi hadi Mtongani nikisalimiana na watu wawili watatu, basi. Siku hizi kuna binamu, kuna dalali wa viwanja, kuna mzee anayekumbuka minazi ya mpakani ilipandwa na nani. Hakuna anayedai kitu. "Shikamoo baba mdogo, jua la leo kali," kisha tunaongozana kimya, hatua kwa hatua, na wa tatu anajiunga pale kwenye kibanda cha chipsi.

Shemeji yangu, mwenye watoto watatu ndani ya nyumba ile, ndiye pekee asiyenisogelea. Nikipita huniitikia salamu huku akipara samaki, macho chini.

Ioni ikipata elektroni yake, mvuto hukatika na kundi likatawanyika. Ijumaa nawasilisha mgawanyo Mahakama ya Mwanzo. Nyumba nimeiandika kwa mjane na watoto. Msafara bado haujui.